Mbu wa Kilombero: sawasawa kwa macho tu

Ukitoka Kidatu kwenda Ifakara, miwa ikishabaki nyuma na milima ya Udzungwa ikiwa mkono wa kulia, unapita Kisawasawa. Jina hilo linafaa kisa hiki, kwa sababu kilichowasumbua watafiti wa bonde la Kilombero miaka mingi ni mbu wanaofanana sawasawa.

Mwaka 1949 mtaalamu wa wanyama kutoka Basel, Rudolf Geigy, alifika Ifakara kwenye misheni ya Wakapuchini. Miaka michache baadaye ikafunguliwa hapo maabara ndogo ya Waswisi, ambayo ndiyo iliyokua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara. Geigy alitoka katika ukoo wenye kampuni ya kemikali, na ni katika kampuni hiyo Paul Müller aligundua mwaka 1939 kwamba DDT inaua wadudu, ugunduzi uliompa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. DDT hiyo tutairudia.

Siku hizo mbu mkuu wa malaria aliitwa Anopheles gambiae, basi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wataalamu kama George Davidson na Hugh Paterson walionyesha kwamba mbu hao wakipandishwa, baadhi ya jozi huzaa madume tasa, kama farasi na punda wanavyozaa nyumbu. Kumbe jina moja lilifunika aina kadhaa. Mmoja, gambiae mwenyewe, hupenda damu ya binadamu na kumfuata ndani ya nyumba. Mwingine, arabiensis, hutosheka hata na ng'ombe na huuma nje pia. Hata hadubini haikuweza kuwatenganisha kwa sura.

Jibu lilikuwa ndani ya seli. Karibu kila seli ya mbu, kama yako, ina kiini, na ndani ya kiini kuna kromosomu. Mbu ana jozi 3, wewe una 23. Kromosomu ni uzi mrefu wa DNA uliosokotwa, na umbo la DNA la nyuzi mbili zilizozungukana lilielezwa mwaka 1953. Maandishi yake yana herufi nne tu: A, T, C na G. Kipande chenye maagizo ya kutengeneza protini ndicho jeni. Seli haitoi kitabu chenyewe nje ya kiini. Hunakili ukurasa unaohitajika kwa RNA na kuutuma kwenye kiwanda cha protini. Huko herufi husomwa tatutatu, kila tatu zikitaja asidi amino ya kuunganishwa kwenye mnyororo. Herufi moja ikikosewa wakati wa kunakili DNA, huenda lisitokee lolote, au protini ikapinda umbo.

Mwaka 1993 ilitangazwa njia ya kutambua aina hizo za mbu kwa kurudufisha kipande cha DNA yao. Mguu mmoja wa mbu unatosha. Kwa Ifakara kipimo hicho kilikuja wakati wake, kwani mwaka 1997 mradi wa vyandarua vyenye dawa ulianza kuenea Kilombero, na watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne waliolala ndani ya vyandarua hivyo walikuwa na nafasi ya kuishi iliyo bora kwa asilimia 27. Baadaye miguu ikaonyesha kuwa gambiae mwenyewe amepungua mno, na waliobaki wengi ni arabiensis. Kwa macho ungesema hakuna kilichobadilika.

Kazi ya kuambukiza, hata hivyo, ilishikwa na mwingine kabisa, funestus. Utafiti wa Ifakara uliotoka mwaka 2017 ulimkuta akibeba zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi katika vijiji vya bondeni vilivyochunguzwa.

Mwaka 2024 watafiti wa Ifakara na wenzao walieleza walichokiona kwenye DNA ya funestus wa mkoa wa Morogoro. Kwenye neva za mbu kuna protini iliyo kama mlango wa kupitishia sodiamu. DDT huushika mlango huo usifunge, mbu akatetemeka hadi kufa. Katika baadhi ya funestus hao, asidi amino ya 976 ya mlango huo, iliyopaswa kuwa leusini, imekuwa fenilalanini, na mbu mwenye badiliko hilo huistahimili DDT. Dhidi ya dawa za vyandarua, badiliko hilo halikuonekana kumsaidia.

Watu husema dawa imemfundisha mbu. Haikumfundisha. Kosa la herufi hutokea lenyewe; dawa iliwaua wasiokuwa nalo, na waliokuwa nalo wakazaa. DDT haipuliziwi tena kama zamani, lakini mabaki yake hukaa udongoni miaka mingi. Geigy alifariki mwaka 1995. Mbu wa Morogoro aliyeanguliwa msimu huu bado anaweza kubeba, kwenye namba 976, jibu la dawa iliyotoka kwenye kampuni ya ukoo wa Geigy.