Mikoko Yetu: Mali Isiyo Kwenye Daftari

Ndugu wana-Bagamoyo, mlio nyumbani na mlio mbali,

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika orodha ya mali zetu tunaandika majengo, viwanja na vyombo. Mikoko hatujawahi kuiandika, ingawa imetulinda kuliko ukuta wowote.

Ushahidi uko Kaole. Magofu yale, ambayo ya kale zaidi ni ya karne ya 13, yalikuwa jirani na maji. Leo kati yake na bahari umesimama msitu wa mikoko. Mizizi imekamata tope mwaka baada ya mwaka, bahari ikasogea.

Wazee wetu waliitumia mikoko. Boriti zake zilibeba dari za nyumba za Mji Mkongwe, na majahazi yaliyokuja na kaskazi yalirudi Arabuni na kusi yakiwa yamezipakia. Lakini walijua pia kwamba kamba na kaa hukulia mizizini. Huku bara kidogo, Wazaramo, Wakwere, Wadoe na Wazigua walikuwa na misitu ya mizimu ambayo haikuguswa na shoka. Jirani zetu Wamijikenda wa Kenya walilinda kaya zao kwa miiko ya namna hiyo, na mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza katika Urithi wa Dunia.

Walipokuja Wajerumani, kisha Waingereza, mikoko ikawekwa chini ya serikali. Kuni za kuchemshia chumvi na kuchomea chokaa ziliendelea kukatwa. Mwaka 1987 ukataji ukapigwa marufuku nchi nzima, lakini katazo la ofisini pekee halilindi msitu usiku. Sheria ya Misitu ya 2002 ndiyo iliyovipa vijiji nafasi ya kushiriki katika ulinzi.

Tukichelewa, tutazame Maziwe, kule Pangani. Kilikuwa kisiwa chenye mivinje, kasa wakitaga mayai, na mwaka 1975 kikafanywa hifadhi. Mivinje ilikatwa, mingine ikaanguka, na kufikia miaka ya 1980 lilikuwa limebaki fungu la mchanga. Sasa mayai ya kasa huhamishiwa Ushongo yasizame.

Kwetu bahari inakula fukwe, visima vya karibu na pwani vinaingia chumvi, na mvua za masika hazifuati tena hesabu waliyoizoea wakulima. Wanaojua mlilana hupandwa mbele penye maji mengi, na mchu nyuma karibu na nchi kavu, ni wazee wachache, na umri umekwenda.

Kwa hiyo mwaka huu tunaomba mchango wenu kwa mambo mawili: kitalu cha miche ya mikoko, na posho ya wazee watakaowafundisha vijana kuipanda na kuilinda. Kila shilingi itaonekana kwenye hesabu za mwaka ujao, na safari hii mikoko nayo itaandikwa, mche kwa mche.