Fungate, Juma na Wiki

Watu wa Ubungo, katika jiji la Dar es Salaam, wamezoea habari za safari. Kwa miaka mingi mabasi ya bara yaliondoka hapo, hata mwaka 2021 kituo kikuu kilipohamishiwa Mbezi, ndani ya wilaya hiyo hiyo. Abiria aulizwapo atasafiri lini, hujibu, "Wiki ijayo, Jumatano." Jibu hilo ni fupi, lakini ndani yake zimekutana lugha tatu: wiki ni la Kiingereza, juma ni la Kiarabu, na tano ni la Kibantu.

Wako wanaoliona neno wiki kuwa doa katika Kiswahili, nao husema kwamba msemaji mwema hana budi kutumia juma. Hoja hiyo yastahili kupimwa kwa historia.

Neno wiki limetoka katika neno la Kiingereza week. Ndugu zake ni Woche la Kijerumani na week la Kiholanzi, na wanaisimu hulihusisha asili yake na maana ya zamu au mageuko. Wajerumani walitawala Tanganyika kabla ya Waingereza, wakaacha neno shule, lakini Woche halikushika. Wiki ndilo lililoenea, likafuatana na ratiba ya shule, ofisi na magazeti ya wakati wa Waingereza.

Lakini juma nalo ni mgeni aliyetangulia tu. Asili yake ni jina la Kiarabu la siku ya Ijumaa, lenye maana ya mkusanyiko. Waarabu wenyewe, kwa siku saba, wana neno usbuu, litokanalo na saba. Waswahili walichukua jina la siku moja wakalifanya jina la siku zote saba. Kisha wakahesabu kwa namba zao, wakianza siku ifuatayo Ijumaa: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Baada ya hapo yaja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu ni siku ya tano, kwani Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Basi Mswahili ana siku mbili za tano zilizofuatana, naye hasumbuki. Hali kadhalika, Mkristo huiita siku ya kwanza kwa jina la pili, na karani huanza kazi siku ya tatu.

Je, kabla ya juma hapakuwa na neno? Lilikuwapo neno fungate. Katika lugha za Kibantu zilizo jirani, kama Kishambaa na Kigiriama, namba saba hutajwa kwa maneno ya ukoo huo, na Kiswahili cha zamani kilikuwa na mfungate kwa maana hiyo hiyo. Sita, saba na tisa za Kiarabu zilipoingia, namba za zamani ziliachwa. Fungate halikufa, bali lilipungukiwa. Leo hutaja siku saba za maarusi baada ya harusi, na wengi walitumiapo hawasikii tena hesabu iliyo ndani yake.

Hapo ndipo ilipo hasara inayopasa kuangaliwa. Neno geni halimfukuzi mwenyeji nyumbani, bali humwachia chumba kimoja. Fungate limeachiwa harusi. Juma nalo laanza kufuata njia hiyo: katika mazungumzo ya kila siku ya mjini watu husema wiki mbili, wiki jana, mwisho wa wiki, na juma laelekea kubaki ndani ya majina ya siku, mahali ambapo msemaji halitambui tena kuwa neno.

Kumkataza abiria wa Ubungo kusema wiki hakutarudisha kitu, kwa kuwa anayelipinga neno hilo kwa ugeni wake atalazimika kulipinga na juma. Lililo muhimu ni kwamba mtoto anayejifunza majina ya siku aelezwe kwa nini Jumatano hufuatwa na Alhamisi, na kwa nini siku za maarusi ni saba. Akijua hayo, atasema wiki bila aibu, na juma na fungate hayatampotea. Asipoyajua, atahesabu siku za lugha yake kila asubuhi bila kujua kwamba anahesabu.