Uongozi wa wanawake katika michezo nchini Tanzania

Uongozi wa wanawake katika michezo nchini Tanzania unahusu nafasi wanazoshika wanawake katika vyama, kamati na mabaraza ya michezo.

Wanawake walileta sifa uwanjani mapema. Mwaka 1965 Theresia Dismas alipata medali ya fedha ya kurusha mkuki katika Michezo ya Afrika mjini Brazzaville, medali ya kwanza ya kimataifa kwa Tanzania. Hata hivyo, vyama vingi viliendelea kuongozwa na wanaume.

Netiboli ilikuwa tofauti, kwa kuwa huchezwa zaidi na wanawake. Chama cha Netiboli Tanzania (CHANETA) kimepata wenyeviti kama Anna Bayi, Anna Kibira na Devota Marwa, ambaye pia ni mwanataaluma wa elimu ya michezo. Anna Bayi na mumewe, mwanariadha Filbert Bayi, ni waanzilishi wa shule za Filbert Bayi zilizopo Kibaha, mkoa wa Pwani, na Kimara, Dar es Salaam.

Katika soka, wanawake wana chama chao, TWFA, chini ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF).

Baadaye Neema Msitha alishika wadhifa wa katibu mtendaji wa Baraza la Michezo la Taifa (BMT), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Kwa kuwa BMT husimamia vyama vyote, wadhifa huo haukomei kwenye michezo ya wanawake pekee.