Nchi Jirani: Mifupa ya Tendaguru, Tanzania

Kusini mwa Tanzania, yapata kilomita 60 kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi, kipo kilima kiitwacho Tendaguru. Miamba yake ni ya miaka milioni 150 hivi iliyopita. Tabaka zenye kombe za bahari hupishana na tabaka zenye mifupa ya dinosaria, ishara kwamba bahari ilisogea na kurudi mara kadhaa.

Mwaka 1906 Bernhard Wilhelm Sattler, mhandisi Mjerumani, aliona mifupa mikubwa ikichomoza ardhini. Vitabu vingi humwita mvumbuzi, kana kwamba wenyeji waliopita pale miaka yote hawakuwa na macho!

Kati ya 1909 na 1913 jumba la makumbusho la Berlin lilituma msafara ulioongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig. Waliochimba hasa ni Waafrika, mamia kwa mamia, chini ya msimamizi Boheti bin Amrani. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha majuzi tu, njaa ikafuata, na kodi ya mkoloni ilidaiwa kwa fedha taslimu. Basi tusiseme kwa wepesi kwamba kazi hiyo ilikuwa ya hiari. Mifupa ilifungwa kwa plasta na mianzi, ikabebwa na wapagazi safari ya siku nne hadi Lindi, kisha ikapakiwa melini. Zaidi ya tani 200 zilivuka bahari. Kiunzi kikubwa kuliko vyote, ambacho sasa huitwa Giraffatitan, kilisimamishwa Berlin mwaka 1937 na kina kimo cha zaidi ya mita 13.

Baadaye walikuja Waingereza. Mwaka 1924 Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete hapa kwetu, alifuatana na William Cutler, ambaye malaria ilimuua mwaka uliofuata.

Sattler alipewa heshima ya jina la dinosaria mapema, mwaka 1914. Boheti aliipata mwaka 2007, katika jina Australodocus bohetii.

Watanzania wamejadili kurudishwa kwa mifupa hiyo, hata bungeni. Wapo wanaoona afadhali ushirikiano na mafunzo kuliko kurudisha kiunzi ambacho ni ghali kukitunza. Hoja hiyo ina uzito, lakini uamuzi ni wa Watanzania wenyewe, na watu wa Lindi wangepaswa kuulizwa kwanza.