Bakteria sugu puani kwa wanafunzi wa udaktari wa meno: mambo ambayo mtu wa Msimbazi inabidi ayajue

Samahani kwa ukimya, jino la nyuma lilinitesa wiki nzima. Leo nataka tuongee kitu nilichojifunza kutokana na jino hilo hilo.

Siku ya pili ya maumivu niliingia duka moja la dawa jirani na Mtaa wa Msimbazi (jina nalihifadhi). Nikasema tu "jino". Kabla hata sijamaliza sentensi, nikapewa vidonge sita vya rangi mbili kwenye bahasha ya kaki. Hakuna cheti cha daktari, hakuna swali hata moja. Nikameza. Maumivu yakapoa, nikasema tayari nimepona. Siku ya tano yakarudi kwa kishindo mpaka jicho linatoa machozi.

Mwishowe nikaenda kliniki ya meno. Aliyenihudumia alikuwa mwanafunzi, mwalimu wake amesimama pembeni. Kavaa glavu, barakoa, miwani, yaani kama fundi wa kuchomelea. Nikamtania: "Dokta, unaniogopa mimi?" Akacheka, akaniambia: "Kaka, wala sikuogopi. Nakulinda na wewe pia. Inawezekana mimi mwenyewe nimebeba bakteria sugu puani na sijui."

Hiyo kauli sikuielewa. Nilipotoka pale nikaanza kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

KUBEBA SIYO KUUMWA

Kuna bakteria anaitwa Staphylococcus aureus, mimi nitamwita "stafi". Anapenda kuishi ndani ya pua na kwenye ngozi. Takribani watu 3 kati ya 10 duniani wanaye puani, na wengi wao hawaumwi chochote. Hao ndio wanaitwa wabebaji.

Shida inaanza akipata njia ya kuingia ndani: kidonda, sindano, mshono wa upasuaji, au pengo la jino lililong'olewa leo. Hapo anaweza kuleta jipu, usaha, na akiingia kwenye damu anaweza kuua.

Kutoka puani hadi kwa mtu mwingine huwa hasafiri na ungo. Anapanda mkono. Unajikuna pua, unashika kitasa, mwenzako anashika kitasa, anashika kidonda chake. Basi.

USUGU UNATOKEA WAPI?

Alexander Fleming aligundua penisilini London mwaka 1928. Mwaka 1945 alipopewa Tuzo ya Nobel pamoja na Florey na Chain, alionya mapema kabisa: siku dawa hii ikiuzwa madukani, mtu atajinunulia, atameza kidogo kuliko inavyotakiwa, na badala ya kuua vijidudu atavifundisha kuizoea. Jamaa alikuwa kama anaiona ile bahasha yangu ya kaki.

Na kweli, stafi wengi wakajifunza kutengeneza kimeng'enya kinachokata penisilini vipande. Wataalamu wakaleta dawa nyingine, methisilini, mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1961 Uingereza ikatangaza stafi aliyeishinda na hiyo. Huyo ndiye MRSA unayemsikia. Ana jeni inayobadilisha sehemu ya ukuta wake ambapo dawa inatakiwa kujishikiza, kwa hiyo dawa inafika lakini haipati pa kushika. Ni kama mwenye nyumba kabadilisha kitasa wakati wewe bado una funguo za zamani.

Kitu kimoja watu wengi wanachanganya: anayekuwa sugu ni bakteria, siyo mwili wako. Ndiyo maana unaweza kuwa hujawahi kutumia dawa hovyo hata siku moja, lakini ukaambukizwa bakteria ambaye ni sugu tayari, kwa sababu ya matumizi holela ya mtu mwingine.

KWA NINI WANAFUNZI WA MENO?

Hebu fikiria kazi yao. Uso wa mwanafunzi na mdomo wa mgonjwa vinakaribiana kabisa, kwa nusu saa au zaidi. Ile mashine ya kutobolea inarusha maji, mate na damu hewani kama manyunyu. Kuna kiti, taa, droo, bomba, vyote vinashikwa na mikono ile ile. Na mwanafunzi ndio anajifunza, mkono bado haujazoea kanuni.

Chuo Kikuu cha Washington kilichopo Seattle, Marekani, kiliwahi kuchunguzwa na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Katika wanafunzi 61 wa udaktari wa meno, 13 walikutwa na MRSA. Yaani mmoja kati ya kila watano! Walichunguza pia sehemu 95 kwenye kliniki zao, na 8 zikakutwa naye. Hiyo ni Marekani, maji hayakatiki na glavu zipo.

Kwetu je? Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya wanafunzi zaidi ya 300 wa udaktari wa chuo cha Bugando, Mwanza. Karibu 3 kati ya 10 walibeba stafi, lakini MRSA alikuwa nadra sana. Habari njema. Lakini mwaka 2018 yakatoka matokeo ya wafanyakazi wa afya wa hospitali za hapa hapa Dar, karibu watu 380: takribani 4 kati ya 10 walibeba stafi, na kama 15 hivi kati ya kila 100 walibeba MRSA. Ukiangalia hapo unaona tofauti. Mwanafunzi anaingia wodini akiwa hana, na kazi yenyewe inaweza kumpa.

Wadau, tusielewane vibaya. Sisemi mtu aogope daktari wa meno. Mbebaji anayenawa mikono, akavaa glavu mpya kwa kila mgonjwa na vifaa vyake vikapikwa kwa mvuke wa moto mkali, hatari yake kwako ni ndogo sana. Jino bovu uliloliacha ndani ndilo hatari kubwa zaidi.

HII SIYO STORI YA MAABARA

Kati ya mwaka 2001 na 2002 walifuatiliwa watoto waliolazwa Muhimbili, jumla 1,828. Waliokutwa na bakteria kwenye damu ni 255. Zaidi ya theluthi moja ya hao walifariki. Na watafiti waliona kwamba mtoto aliyepewa dawa ambayo bakteria wake ameshaizoea alikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa. Muhimbili siyo mbali, kutoka Kariakoo ukikaza mguu kupitia Fire unafika. Wale ni watoto wa mitaa yetu.

Dunia nzima, kwa mwaka 2019 peke yake, inakadiriwa watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu.

NA SISI TUNACHANGIA

Sheria inasema antibayotiki inauzwa kwa cheti. Lakini Moshi watafiti walijifanya wateja, matokeo yakatoka 2018: zaidi ya wauzaji 9 kati ya 10 waliwauzia bila cheti. Sidhani kama Kariakoo tuna haki ya kuwacheka watu wa Moshi. Muuzaji anataka hela, mteja anataka kupona haraka na hana hela ya kumwona daktari. Ni ngumu, naelewa, na mimi nilikuwa mteja huyo.

Serikali ina mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa (wenyewe wanauita UVIDA). Wa kwanza ulikuwa 2017 hadi 2022, wa pili ni 2023 hadi 2028. Lakini mpango hauwezi kusimama dirishani na kila mtu anayenunua vidonge viwili viwili.

TUFANYE NINI?

1. Jino likiuma, tatizo mara nyingi lipo ndani ya jino lenyewe. Antibayotiki haizibi tundu wala haitoi mzizi uliooza. Maumivu mengi ya jino yanahitaji kuzibwa, kusafishwa mzizi au kung'oa, pamoja na dawa ya maumivu tu.

2. Ukiona uso umevimba, una homa, huwezi kufungua mdomo au kumeza, usisubiri. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

3. Ukiandikiwa antibayotiki, tumia kama ulivyoelekezwa. Usigawane na mtu, usiweke kiporo cha "nikiumwa tena".

4. Usifungue kidonge cha rangi mbili ukamwagia unga wake kwenye kidonda. Osha kwa maji safi na sabuni, funika.

5. Ukikaa kwenye kiti cha meno una haki ya kuuliza: "Dokta, glavu ni mpya?" Aliyefundishwa vizuri hakasiriki.

6. Nawa mikono. Na hapa cafe pia, hizo kibodi zinashikwa na watu kibao kwa siku.

Jino langu liling'olewa. Dakika ishirini, nikapewa dawa ya maumivu tu, antibayotiki hata moja hakuna, na nikapona. Zile rangi mbili nilizomeza mwanzo hazikunisaidia kitu. Zaidi zaidi niliwapa mazoezi bakteria wangu, halafu nikapanda nao daladala.

Tuko pamoja wadau. Wewe mara ya mwisho ulinunua antibayotiki lini, na uliombwa cheti? Tupia hapo chini, tuambiane ukweli.