Ndugu wa Ziwa Moja, Majibu Mawili

Jumamosi asubuhi, wafanyabiashara wa dagaa wa mwaloni Kirumba wakiwa bado wanapiga hesabu za mzigo, Wasabato wa Mwanza wamekwisha kuvaa na kushika njia ya kanisani, Biblia mkononi. Waulize vijana wao habari za vita, watakutajia Desmond Doss, Msabato wa Marekani aliyekataa kushika bunduki akaingia jeshini kama tabibu. Mei 1945, kule Okinawa, alibaki juu ya genge chini ya risasi, akawafunga majeruhi kwa kamba na kuwateremsha mmoja mmoja. Wanakadiriwa 75.

Swali la kushika bunduki lililomkabili Doss lilikuwa limewafikia Wasabato wa ziwa hili miaka 31 kabla ya Okinawa, na ndugu wa imani moja wakalijibu tofauti.

Waliitana ndugu kweli. Wamisionari Wajerumani walianza Upare mwaka 1903, na kituo chao cha kwanza wakakiita Friedenstal, yaani Bonde la Amani. Kuanzia 1909 wakafika ukanda wa ziwa, Majita na Usukuma. Ng'ambo ya pili, katika himaya ya Waingereza, Mkanada Arthur Carscallen na Peter Nyambo wa Nyasa walikuwa wamefungua Gendia tangu 1906. Sabato ilikuwa ile ile, na maji yale yale.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, majibu yalitoka Ulaya. Tarehe 4 Agosti 1914, kiongozi wa Wasabato Ujerumani, H. F. Schuberth, aliiandikia Wizara ya Vita: waumini wake wangeshika silaha, hata siku ya Sabato. Waliopinga walitengwa, na kwao likazuka kundi la matengenezo lililopo hadi leo.

Uingereza mambo yalikwenda kinyume. Sheria ya kuandikisha watu jeshini ilipopita mwaka 1916, vijana Wasabato waliingia kikosi kisichobeba silaha. Novemba 1917, huko Ufaransa, 14 kati yao walikataa kufanya kazi Jumamosi. Walifungwa jela ya kijeshi Le Havre, wakapigwa, wasibadili neno.

Ziwani vita havikusubiri mjadala wa dhamiri. Septemba 1914 Wajerumani na Waingereza walipigana Kisii, na tarehe 14 Julai 1916 kikosi cha Waingereza chini ya Jenerali Crewe kikaitwaa Mwanza. Wanakijiji waliokamatwa kuwa wapagazi hawakuulizwa kama imani yao inaruhusu vita. Walitwishwa mizigo na machela, na maelfu kwa maelfu hawakurudi makwao.

Kanisa lilichukua miaka kujifunza kwamba kukataa bunduki kunataka maandalizi. Mwaka 1934, chuoni kwao Nebraska, Everett Dick alianza kuwafunza vijana huduma ya kwanza na ubebaji wa machela, ili siku ya kuitwa jeshini wawe na kazi ya kutaja. Barua ya 1914 iliandikwa vita vikiwa vimeshaanza, na haikuwa na kazi nyingine ya kutaja isipokuwa bunduki.