Kizibao changu kilikuwa kimekufa

Nimekuwa kimya kwa takriban wiki tatu na wapo walioniuliza kama nimeacha libeneke. Sijaacha. Nilikuwa nachimba historia ya kitu ambacho baadhi yenu mtakicheka: kile kizibao cha njano au cha rangi ya chungwa chenye mistari ya kung'aa, ambacho mtaani tunakiita reflekta.

Kisa chenyewe kilianza Barabara ya Morogoro, mbele kidogo ya Kibaha. Lori la mizigo lilikuwa limelala ubavu usiku, mhariri akanipigia niende. Nikavaa kizibao nilichopewa kazini, cha njano, mgongoni maandishi makubwa ya kumjulisha kila mtu kwamba mimi ni mwandishi wa habari. Nikawa nimesimama pembeni ya lami naandika. Nyuma yetu watu walishatandaza matawi ya miti barabarani kama ilivyo desturi yetu. Basi moja likapita karibu kiasi kwamba upepo wake ulinipokonya daftari. Dereva wa fuso aliyekuwa anakuja nyuma yake akapunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani.

"Mdogo wangu, toka hapo. Wewe nimekuona nilipokufikia. Yule trafiki nimemwona toka kule mbali."

"Lakini nimevaa reflekta, kaka."

"Umevaa rangi tu," akasema, akakanyaga mafuta.

Kesho yake nikaangalia picha alizopiga mwenzangu. Alipiga kwa flashi. Mistari ya yule trafiki imelipuka nyeupe mpaka inaumiza macho. Ya kwangu ni ya kijivu, kama plasta iliyochakaa. Tumesimama hatua tatu tu kutoka kwa mwenzake! Hapo ndipo nikaanza kuuliza hii nguo ilitoka wapi na inafanyaje kazi.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba kizibao kimoja kina uvumbuzi wa aina mbili, uliotokea sehemu tofauti na kwa watu wasiojuana. Rangi ni ya mchana. Mistari ni ya usiku. Kimoja hakiwezi kufanya kazi ya mwenzake.

Tuanze na rangi. Mwaka 1933, huko Berkeley, California, kijana anayeitwa Bob Switzer alikuwa amepata kibarua cha wakati wa likizo, kupakua makreti ya nyanya. Ndoto yake ilikuwa kusomea udaktari. Akaanguka, akaumia vibaya kichwani, macho yakaharibika, na ule udaktari ukaishia pale. Madaktari wakamwagiza akae kwenye chumba chenye giza mpaka apone. Mdogo wake Joe alikuwa anapenda mambo ya mazingaombwe, na baba yao alikuwa na duka la dawa. Basi hawa ndugu wawili wakaanza kupita na taa ya mionzi ya urujuanimno gizani, kwenye rafu za duka la baba, kutafuta ni dawa gani zinawaka zenyewe. Walizozipata wakazichanganya na vanishi, wakatengeneza rangi. Mwanzoni ilikuwa ni ya maonyesho ya mazingaombwe na mabango tu. Baadaye walihamia Cleveland, Ohio, wakapata rangi zinazowaka hata mchana wa jua kali, na kampuni yao ikaja kujulikana kama Day-Glo.

Siri ya rangi hizo ni kwamba zinameza mionzi ya jua ambayo jicho letu haliioni, kisha zinaitoa kama mwanga tunaouona. Ndiyo maana kitambaa hicho kinaonekana kama kina taa ndani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi la Marekani lilitandaza vitambaa vya rangi hizo chini, huko Afrika Kaskazini, ili ndege zao zisije zikawapiga mabomu askari wao wenyewe.

Lakini angalieni udhaifu wake. Chanzo chake ni jua. Jua likizama, taa za gari hazina mionzi ya kutosha ya aina ile, na zile taa za barabarani za rangi ya machungwa ndiyo kabisa. Usiku kizibao chako cha njano kinakuwa shati jeupe-jeupe la kawaida. Zaidi ya hapo, jua lile lile linaloiwasha rangi ndilo linaloiua polepole. Kwa mtu anayeshinda juani Dar es Salaam, hili si jambo dogo.

Sasa mistari. Hapa tunaenda Uingereza, mji wa Halifax, ambako Percy Shaw mwaka 1934 alipata hataza ya vile vijicho vya kioo vinavyopachikwa katikati ya barabara. Vyenyewe havina taa. Vinachukua mwanga wa gari na kuurudisha kule kule ulikotoka, yaani kwa dereva. Miaka hiyo hiyo kampuni ya 3M ya Minnesota ilikuwa inahangaika kubandika shanga ndogo mno za kioo kwenye karatasi ya plastiki kwa ajili ya alama za barabarani. Ule mstari wa fedha kwenye kizibao ni mjukuu wa kazi hiyo: maelfu ya shanga ambazo kila moja inarudisha mwanga kwa mwenye taa.

Neno la kushika hapo ni "kwa mwenye taa". Kioo cha kawaida kinautupa mwanga upande mwingine. Mstari huu unamrudishia dereva peke yake, ndiyo maana wewe uliyesimama pembeni unaweza kuuona umefifia wakati yeye anauona kama moto. Na ndiyo maana ukitaka kuupima usiukague kwa macho dukani mchana. Nitarudi hapo.

Nani alianza kuwavalisha wafanyakazi? Jibu linalotajwa sana ni Shirika la Reli la Uingereza, mwaka 1964, huko Glasgow, kwenye kipande cha njia kati ya Pollokshields na Eglinton Street. Sababu yake imenikaa kichwani kuliko zote. Treni ya makaa ya mawe ilikuwa inajitangaza: moshi, mvuke, kelele. Fundi aliyeinama kwenye reli aliisikia kabla hajaiona. Umeme ulipoingia, treni zikawa na kasi zaidi na zikatulia. Sikio halikutosha tena. Ikabidi dereva amwone fundi mapema, kwa sababu fundi hatamsikia dereva. Wakawavalisha vizibao vya rangi ya chungwa, na mpaka leo kwenye reli za Uingereza rangi ni hiyo hiyo. Njano haivaliwi huko.

Nikafikiria reli yetu ya SGR. Abiria walianza kusafiri Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024, na Dodoma mwezi uliofuata. Ni ya umeme, na inafika kilomita 160 kwa saa. Glasgow ya 1964 si mbali kama nilivyodhani.

Miaka thelathini baada ya majaribio yale ndipo Ulaya ikaandika kiwango kimoja, EN 471, mwaka 1994. Mwaka 2013 kikapisha EN ISO 20471, ambacho ndicho utakachokikuta kwenye lebo za vizibao vya maana. Marekani wana chao, ANSI/ISEA 107, cha mwaka 1999, na kuanzia Novemba 24, 2008 mfanyakazi yeyote kwenye barabara zilizojengwa kwa fedha za serikali kuu yao hana ruhusa ya kusimama bila nguo inayokidhi.

Kiwango cha Ulaya kina madaraja matatu, na hesabu ni ya eneo la kitambaa. Daraja la 2, ambalo ndilo la kizibao cha kawaida cha kazi, linadai angalau mita za mraba 0.50 za rangi inayowaka na 0.13 za mstari, na mstari usipungue milimita 50 kwa upana. Daraja la 3 ni 0.80 na 0.20, na lazima nguo iwe na mikono, au ivaliwe pamoja na suruali yake. Kwa hiyo muuzaji wa Kariakoo akikuambia kizibao kisicho na mikono ni daraja la 3, mshukuru, endelea na safari. Nilikutana naye.

Wafaransa nao wana kituko chao. Tangu Oktoba 2008 sheria inamtaka kila dereva awe na kizibao garini, na serikali ilimtumia mbunifu wa mitindo Karl Lagerfeld kwenye tangazo la kukinadi, akikiri kwamba ni kibaya. Miaka kumi baadaye, Novemba 17, 2018, watu waliokasirishwa na kodi ya mafuta wakakivaa na kufunga barabara. Serikali ilikuwa imeshawagawia sare bila kujua!

Kwetu je? Sheria yetu ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya 2003, na inamtwisha mwajiri mzigo wa vifaa vya kinga. Kenya mwaka 2012 waliandika wazi kwenye sheria ya barabarani kwamba mwendesha pikipiki avae helmeti na jaketi lenye viakisi mwanga. Sina ugomvi na sheria hizo. Ugomvi wangu ni kwamba tunaponunua, tunanunua njano. Ofisi yetu ilinunua njano. Vijana wa bodaboda wengi wamevaa njano yenye nembo ya tangazo iliyofunika nusu ya mgongo, na eneo lililofunikwa na nembo halihesabiwi.

Sasa kipimo nilichoahidi. Tundika kizibao ukutani gizani, rudi nyuma hatua ishirini, weka tochi ya simu kando ya jicho lako, si kifuani. Mstari mzima utakurukia. Mfu utabaki kijivu. Kisha soma lebo ya ndani: utafute namba ya kiwango, mchoro mdogo wa kizibao wenye namba ya daraja pembeni, na idadi ya juu ya kufua. Ndiyo, idadi ya kufua ina maana, kwa sababu shanga zinabanduka. Changu kilikuwa kimefuliwa kwa jiki na brashi ya viatu zaidi ya mwaka. Lebo hakikuwa nayo kabisa.

Nilikipeleka kile kizibao na zile picha mbili kwa mhariri. Alizitazama kwa muda, akauliza bei. Tumepata sita vipya vya daraja la 2, lebo inasema visifuliwe zaidi ya mara 25. Ndani ya kola ya changu nimeandika tarehe kwa kalamu ya wino usiofutika, na kila nikikifua naongeza kijistari. Hadi jana vilikuwa vinne.